Mwaka Nilipokuwa Mwonjaji wa Maziwa Kimisagara

Maziwa yanapochemka yakafurika na kumwagikia makaa, hutoa harufu tamu kidogo na chungu kidogo, kama sukari iliyoungua. Ichanganye na harufu ya maziwa mengine yaliyolala kwenye ndoo mpaka yakaganda, ongeza vumbi la mbao la maseremala wa jirani, na hapo umepata asubuhi za Kimisagara, mtaa wetu wa Kigali, kama nilivyozijua nikiwa na miaka minane. Mama yangu aliuza maziwa pale bondeni, katika kibanda cha mabati chenye benchi mbili na meza iliyoegemezwa ukutani kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Leo ukiteremka njia ileile hukioni tena, pamejengwa ghorofa, na geti la ghorofa hiyo nimelitengeneza mimi. Nalisema mapema ili msomaji ajue anayezungumza naye ni nani. Sikusoma sana, niliishia darasa la sita, lakini nina karakana mbili za kuchomelea chuma, moja hapohapo Kimisagara na nyingine karibu na njia panda ya Sonatubes, na ukipanda Kimihurura kwa matajiri ukaona geti jeusi lenye maua ya chuma yasiyojua kutu, usiulize limetoka nchi gani. Limetoka kwangu. Wapo watu wenye vyeti vya kujaza kabati ambao hupiga simu na kungoja zamu yao. Ila mwaka ninaousimulia nilikuwa mtoto ambaye hakuna mzazi aliyetaka akae karibu na mtoto wake, na sababu yake ilikuwa ndani ya kikombe nilichopewa na mama kwa mapenzi yote.

Tulikuwa tumetoka Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wangu walizaliwa na kukulia ukimbizini. Tulirudi Kigali baada ya vita kama wengine wengi, na mizigo yetu na Kiswahili chetu, tukapanga vyumba viwili Kimisagara. Baba alipata kazi ya uashi. Mama, ambaye kwao walikuwa wafugaji, alisema yeye anajua kitu kimoja tu duniani nacho ni maziwa, basi akafungua kibanda. Shida ilikuwa wateja. Miaka ile watu walikuwa wametoka kila upande, mwingine Uganda, mwingine Burundi, mwingine Kongo, mwingine hajawahi kutoka, na hakuna aliyemjua jirani yake vizuri. Mtu hanywi tu kitu kwa mtu asiyemjua. Kwetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, wewe ukiona, ndipo akukabidhi. Hilo halisemwi, linafanywa. Mama alionja siku ya kwanza, akaonja siku ya pili, na bado watu walimtazama kwa jicho la pembeni kwa jinsi alivyozungumza. Siku ya tatu aliniita mimi. Alinijazia kikombe kutoka kwenye ndoo ileile ya kuuzia, akanisimamisha kati ya benchi mbili, akasema ninywe. Nikanywa mpaka chini. Fundi mmoja mzee aliyeitwa Karori akacheka, akasema, "Haya mama, tia na yangu. Hakuna mama atamaliza mtoto yake kwa sababu ya biashara." Tangu siku hiyo nikawa na cheo. Kila asubuhi kabla ya shule, maziwa yakishachemka na yale ya mgando yakishakorogwa, nilikunywa kikombe cha haya na kikombe cha yale, wateja wakinitazama kama watu wanaotazama mpira. Nilijiona mkubwa kweli. Hata leo nikizindua geti jipya mbele ya mwenye nyumba, sisikii fahari kama ile.

Sasa nieleze nilivyokuwa. Nilikuwa mkorofi, na silisemi kwa mzaha wa watu wazima wanaojisifia utundu wao. Nilipiga. Niliuma kwa meno. Mwalimu akisema kaeni, mimi niko juu ya dawati. Mtoto akinigusa begani, nilimrudishia kwa ngumi kabla sijajua nani kanigusa. Tumbo langu lilikuwa gumu kama mpira muda mwingi, na kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti nilikuwa na ukurutu nilioukuna mpaka ukatoa damu. Kulala nililala kwa vipande vipande. Lakini hayo ya ngozi na tumbo hakuna aliyeyaweka kapu moja na yale ya ngumi. Ukurutu ulikuwa ukurutu, tumbo lilikuwa minyoo, na ukorofi ulikuwa ukorofi. Na kila nilipofanya fujo, unajua mama alinipa nini? Maziwa. Kwa watu wangu maziwa ndiyo dawa ya kwanza. Mtu kala kitu kibaya, mpe maziwa. Mtu kashtuka, mpe maziwa. Mtoto ana hasira, basi ana njaa, mpe maziwa anywe atulie. Mwalimu akinirudisha nyumbani saa nne, mama hakunichapa. Alinikalisha chini, akanifuta uso kwa kanga, akanijazia kikombe cha tatu, na kesho yake nilikuwa mbaya zaidi.

Watoto wa shule walinipa jina: Mbwa wa Mama Maziwa. Nikitokea kwenye kona walipiga mluzi na kusema, "Fungeni kamba, iko inakuja." Mwalimu wetu, Faustini, mtu mpole aliyevaa koti moja mwaka mzima, alinihamisha madawati manne kabla ya kunikalisha peke yangu karibu na mlango. Baba alijaribu fimbo, akachoka. Mwishowe alisema neno lililonikaa moyoni kama jiwe. Alisema kama sibadiliki, nitapelekwa Umutara, mashariki kwenye malisho, kwa baba mkubwa, ndugu yake, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. "Kule atafuata ng'ombe, atakunywa maziwa ya kutosha, akili itarudi," alisema, na watu wote walioambiwa waliona ni mpango mzuri. Mimi sikutaka kuachana na mama. Tulikuwa tumehama mara moja na niliona inatosha. Nilijiapiza kila jioni kwamba kesho nitakuwa mwema, na kila kesho ikifika saa nne ya asubuhi kitu kilinipanda kutoka tumboni hadi kichwani na nikajikuta nimeshampiga mtu.

Halafu maziwa yakakatika. Upande wa mashariki ng'ombe walipata ugonjwa wa miguu na midomo, serikali ikaweka karantini, na wale vijana wa baiskeli waliotuletea madebe ya maziwa wakaja mikono mitupu. Mama alilia siku moja, siku ya pili akachemsha chai ya rangi yenye tangawizi. Jirani yetu Beata, mwanamke aliyekulia Bujumbura, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, alikuwa anakaanga maandazi mlangoni kwake. Wakaunganisha, chai ya huyu na maandazi ya yule, na kibanda hakikufungwa. Karantini ilichukua kama mwezi hivi. Wiki ya pili nililala usingizi mmoja hadi asubuhi, mama akaja kunishika paji la uso akidhani naumwa. Ukurutu ukakauka. Wiki ya tatu Mwalimu Faustini alinirudisha kwenye dawati la katikati, kando ya mtoto aitwaye Inosenti, na nikajifunza mambo mawili niliyokuwa sijui: kwamba hesabu zina utamu wake, na kwamba mtu anaweza kucheka na wewe badala ya kukucheka. Nyumbani kila mtu alidai sifa. Baba alisema ni fimbo zake, zimechelewa tu kufika. Mama alisema ni maombi ya kanisa. Mwalimu alisema ni dawati. Beata peke yake hakudai kitu, alikuwa anatazama.

Maziwa yaliporudi ilikuwa kama sikukuu. Karori na wenzake walijaa kwenye benchi mapema, mmoja akasema, "Mama, hii chai yako ilikuwa inanikausha kama tofali." Mama alicheka nikamwona meno yote. Akaniita, akajaza kikombe, nikanywa. Akajaza cha mgando, nikanywa. Nikaenda shule nikiwa na furaha ya kweli. Saa nne nilikuwa najikuna. Saa tano tumbo lilikuwa linanguruma mpaka Inosenti akasema, "Deo, una pikipiki humo?" Ilikuwa mzaha wa rafiki. Nilimuuma mkono, hapa juu ya kifundo, na sikumwachia mpaka mwalimu alipofika. Sijasahau uso wa Inosenti. Hakuonekana na hasira, alionekana kama mtu aliyekosea njia. Mwalimu Faustini alinishika mkono akanipeleka nyumbani yeye mwenyewe, akamwambia mama taratibu kwamba mkuu wa shule amechoka na wazazi wamechoka, na muhula huu ukiisha wanitafutie mahali pengine. Jioni baba alikunja mikono ya shati akasema, "Mama Deo, nimeshatuma ujumbe. Wiki ijayo kaka anakuja kumchukua." Mama alinitazama, akainuka, akanifuata na kikombe cha maziwa ili nisilie.

Beata ndiye aliyemshika mkono. Alikuwa ameketi mlangoni anachuja mafuta yake.

"Mama Deo, acha hicho kikombe kwanza."

"Mtoto analia, Beata."

"Analia, ndiyo. Mwezi mzima hakulia. Alikuwa anakunywa nini?"

Beata akaeleza kwamba kule Bujumbura aliwahi kulea mtoto wa madamu mmoja, mtoto akila yai anavimba midomo na siku nzima anakuwa kama amepagawa, anarusha viatu, anapiga dada zake. Walimpeleka kwa padri, wakampeleka kwa mganga, mpaka mpishi mmoja akasema hebu tuache mayai. "Wakaacha. Mtoto akawa mtoto."

"Hayo ni mayai," mama alisema. "Mayai hata mimi siyapendi. Wewe unaniambia maziwa. Mtoto wa ukoo wetu adhuriwe na maziwa? Hilo umelisikia wapi?"

"Sijalisikia. Nimeliona, hapahapa kwenye kizingiti chako."

"Na wateja je? Mimi nauza kwa mdomo wa huyu mtoto. Asipokunywa, watasema nini? Unataka kunifungia kibanda, Beata?"

"Wiki moja tu," Beata akasema. "Shemeji yako hajafika. Wiki moja, kisha mpeleke popote."

Mama alikuwa katikati ya mambo mawili, na sikuelewa uzito wake mpaka nilipokuwa na biashara yangu mwenyewe. Kama angeendelea kuninywesha, ningekwenda Umutara. Kama angeacha mbele ya watu, kibanda kingekufa, na mshahara wa baba ulikuwa wa siku ile ile iliyo na kazi. Basi akafanya ujanja. Alichemsha uji wa mchele, mwepesi, mweupe, akauweka kwenye jagi dogo nyuma ya ndoo, na asubuhi akainamia pale kama anayechota ndooni, akanijazia kikombe changu. Nami nikasimama kati ya benchi mbili nikanywa uji wangu na kujifuta mdomo kwa kiganja kama kawaida. Sitadanganya, niliona raha kuwa na siri na mama. Siku ya nne ukurutu ulipoa. Siku ya sita nilikwenda mwenyewe kwa Inosenti na andazi nililopewa na Beata. Alilichukua, akala nusu, akaniambia nisimame mbali kidogo. Niliona ni haki.

Siku ya nane baba mkubwa alifika. Alikuja asubuhi, na kofia yake pana na fimbo yake ndefu, akaketi mwisho wa benchi bila kusema mengi, akiwatazama watu wa mjini wanavyokunywa maziwa kwa haraka. Begi langu lilikuwa limefungwa tayari chini ya kitanda. Mama alikuwa akimtazama yeye badala ya ndoo, nadhani ndiyo maana aliinama vibaya, jagi likaonekana. Nikapokea kikombe. Karori, ambaye hakuwa na ubaya wowote, aliinuka kwa utani wake na kuninyang'anya. "Huyu bosi mdogo kila siku anapewa ya pembeni. Hebu na mimi nionje hiyo nzuri." Akapiga funda moja. Akapiga la pili, akakitazama kikombe, akamtazama mama.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "hii si maziwa."

Mmoja baada ya mwingine walishusha vikombe. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa walichokuwa wanafikiri: kuna kitu ndani ya ndoo ile ambacho mwenye ndoo hampi mwanawe. Mtu mmoja karibu na mlango alitema chini. Mama alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama vile, kama anayehesabiwa. Akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa maseremala, "Ni uji. Uji wa mchele. Mtoto wangu maziwa yanamdhuru, ya kwangu na ya mtu mwingine yeyote. Yanampandisha hasira na yanamtoa ukurutu. Nimewadanganya siku nane na ninaona aibu. Maziwa ni mazuri. Kosa ni langu." Kisha akachota kikombe kikubwa kutoka ndooni, akanywa chote, akachota kingine, akanywa nacho, mpaka yakamwagika kifuani. Hakuna aliyepiga makofi. Wawili waliondoka. Karori alibaki amesimama na kikombe changu mkononi hajui akiweke wapi.

Ndipo baba mkubwa akajongea. Nilijua sasa kazi imekwisha, maana mwenye ng'ombe kasikia mbele ya watu kwamba mtoto wa ukoo wake anadhuriwa na maziwa. Akanivuta, akakunjua mkono wangu, akautazama mkunjo wa kiwiko. Akanibonyeza tumboni kwa vidole viwili, kama anavyobonyeza mnyama. Akauliza, "Anaharisha?"

"Mara nyingi, shemeji," mama akasema.

"Hata ndama wako wa namna hii. Ananyonya anaharisha, ananyonya anaharisha, halafu anapiga teke wenzake zizini. Wajinga wanamchapa. Sisi tunampunguzia maziwa." Akachukua kikombe, akachota ndooni, akanusa, akanywa polepole bila kuacha, na watu wote wakamtazama, maana mtu wa ng'ombe hudanganyi ulimi wake. "Maziwa haya ni safi," akasema. "Yamechemshwa kupita kiasi, lakini ni safi." Karori akacheka kwanza, kisha wengine. Baba alipofika kutoka nyumbani akiwa na begi langu, kaka yake alimwambia arudishe. "Nimpeleke kule akanywe nini? Kwangu hakuna kitu kingine." Akaondoka mchana uleule, peke yake.

Wale wawili hawakurudi, na wengine kadhaa waliwafuata. Mama alionja mwenyewe tangu siku ile, na upande wa chai na maandazi ukakua kuliko upande wa maziwa, hata kibanda kikawa cha wanawake wawili. Mimi nilibaki shuleni. Sikugeuka malaika, niliendelea kuwa mbishi na bado ni mbishi, waulize vijana wangu wa karakana. Lakini sikumuuma mtu tena. Daktari mmoja niliyemtengenezea madirisha aliniambia juzijuzi kwamba si kwamba maziwa yanamfanya mtoto kuwa mbaya. Mtoto anayewashwa, anayeumwa tumbo na asiyelala atapiga watu, kama wewe mtu mzima ungepiga watu. Nilimwambia mzee mmoja wa Umutara alilijua hilo bila koti jeupe, akacheka.

Sasa nina watoto watatu na nyumba Kicukiro yenye jiko la gesi na jokofu lililojaa. Mwaka jana shule ya binti yangu wa mwisho, Keza, ilinipigia simu. Amerusha kiti. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa vita, na mwalimu, msichana mdogo, akanikaribisha kuketi na swali lake la kwanza likawa, "Amelala vizuri? Anakula nini asubuhi?" Karibu nimkumbatie. Nikajiona mimi ndiye mtaalamu. Nikarudi nyumbani nikapiga marufuku maziwa, siku chache baadaye mayai, halafu karanga, halafu soda za rangi, mpaka mke wangu akauliza kama nataka mtoto ale chuma. Wiki tano. Keza akarusha kiti cha pili. Tukampeleka kwa daktari wa watoto, wakampima damu na ngozi, na daktari akageuza karatasi kunionyesha, akasema mtoto huyu hana shida na chakula chochote.

"Basi ana shida gani?" nikauliza.

"Mmemuuliza?"

Nilikaa kwenye gari nje ya hospitali na binti yangu wa miaka saba kiti cha nyuma, nikamuuliza. Alinijibu mara moja, kama mtu aliyengoja foleni muda mrefu. Mwalimu wa hesabu anamwita kwa jina la dada yake mkubwa, kila siku, na darasa linacheka. Ni hilo tu. Nilicheka mpaka nikaegemea usukani, yeye akakasirika, nikaomba msamaha. Enzi zangu ilihitajika ugonjwa wa ng'ombe, mkaanga maandazi, na mama yangu kujiaibisha mbele ya mtaa ili mtu ajue kinachonisumbua, na hata kama wangeniuliza mimi nisingejua la kujibu. Huyu anajua, na anasema, na ana watu wa kumuuliza. Kesho yake nilikwenda shuleni, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikiliza mwalimu wa hesabu akirudia baada yangu, pole pole, kama mwanafunzi: Keza. Keza. Keza.